Daktari Aliyeuliza Habari za Chumbani

Mpenzi msomaji, hebu kumbuka mara ya mwisho ulipokwenda kumwona daktari. Foleni tuiache, foleni wote tunaijua. Nazungumzia ule muda wenyewe, mlango ukishafungwa. Alikutazama usoni mara ngapi? Alikuuliza unalala saa ngapi, unaishi na nani, kazini kukoje? Au alisema "unasumbuliwa na nini?" na kabla hujafika kwenye lile hasa lililokupeleka, kalamu tayari ilikuwa inaandika?

Mwaka 1984 watafiti wawili wa Marekani, Howard Beckman na Richard Frankel, walirekodi mazungumzo ya madaktari na wagonjwa wao wakapima muda. Kwa wastani mgonjwa alikatizwa baada ya sekunde 18. Sekunde 18! Kwetu Tanga hapo hata salamu haijafika kwa watoto. Na mwaka 2017 jarida la BMJ Open lilichapisha hesabu za nchi 67: Uswidi mgonjwa anakaa na daktari dakika 22 na nusu, Bangladesh anakaa sekunde 48. Nusu ya binadamu wote duniani, waliandika, wanapata dakika tano au chini ya hapo.

Ndiyo maana siku hizi kila mtaa una bango la "tiba ya holistiki". Kuna chai ya kusafisha ini, kuna kukandwa, kuna kuumikwa, kuna mashine inayokushika kidole na kukusomea magonjwa 40 kwa dakika moja. Wenye mabango haya wameona pengo: watu wanataka mtu wa kuwasikiliza, na wako tayari kulipia. Kama ndani kweli wanasikilizwa, hilo ni jambo lingine.

Neno lenyewe lina historia ya ajabu kidogo, na inapita nyumbani kwetu. Lilibuniwa na Jan Smuts, jenerali na mwanasiasa wa Afrika Kusini, katika kitabu chake cha mwaka 1926, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "zima" au "kamili". Miaka kumi kabla ya hapo Smuts huyo huyo alikuwa akiongoza majeshi ya Waingereza dhidi ya Wajerumani katika Afrika Mashariki, na ni majeshi hayo yaliyoingia Tanga Julai 1916. Kitabu hakikuhusu tiba hata kidogo. Madaktari walilidandia neno baadaye. Mwaka 1977 daktari wa Marekani, George Engel, aliandika katika jarida la Science kwamba udaktari unaotazama mwili peke yake hautoshi. Lazima utazame pia nafsi ya mgonjwa na watu anaoishi nao. Vyuoni wakalipokea kama jambo jipya. Bibi zetu wangecheka.

Mimi niliielewa maana ya neno hilo Moa, juu ya mkeka, mume wangu akiwa ameinamisha kichwa.

"Ana mtu huyo"

Tulikuwa na miaka minne ya ndoa. Sote tunafanya kazi Dar, yeye kwenye bima, mimi huku kwenye kuandika. Kwa miezi kama saba hivi mume wangu alikuwa amebadilika. Analalamika kichwa kila asubuhi, usiku halali, anaamka saa tisa na kwenda kukaa sebuleni na simu. Na chumbani, samahani msomaji lakini gazeti hili tunaongea ukweli, chumbani mambo yalikuwa yamelala. Ukimgusa anageukia ukutani. Shoga zangu walishatoa hukumu: "Ana mtu huyo."

Alikwenda kliniki moja ya binafsi mjini mara tatu. Mara ya kwanza akapimwa malaria, hakuna, akapewa dawa ya maumivu. Mara ya pili akaambiwa ni uchovu. Mara ya tatu akapewa dawa ya usingizi. Hakuna aliyemfunga kile kitambaa cha presha mkononi. Mara zote tatu! Kijana wa miaka 36, mrefu, mwembamba, suti safi. Nadhani kwa kumtazama tu waliona huyu hawezi kuwa na presha.

Ndipo mama mkwe akapiga simu. Mama yule haulizi mara mbili. "Mlete mwanangu huku, na wewe uje naye."

Kwa wasiopajua, Moa iko wilaya ya Mkinga, kaskazini kabisa mwa pwani yetu. Ukitoka Tanga mjini unafuata barabara ya Horohoro kama unakwenda Mombasa, kisha unakata kulia kuelekea baharini. Mikoko, minazi, ngalawa, na watu wake Wadigo, Wasegeju na Wavumba. Usiku kuna kimya ambacho mtu wa Sinza kinamtia hofu.

Saa mbili juu ya mkeka

Mzee tuliyepelekwa kwake wanamwita tabibu. Mganga wa ramli siye, na ukimwita hivyo anakasirika. Hapigi bao, hana kibuyu. Ana mkeka, birika la kahawa chungu na kabati la chupa alizoziandika kwa herufi za Kiarabu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Karibuni. Habari za Dar? Wazima? Kazi je? Nyumba mnayokaa ni yenu au ya kupanga?"

Nilidhani ni salamu. Kumbe matibabu yameshaanza.

Aliendelea hivyo karibu saa mbili. Sitii chumvi, nilitazama saa. Unakula nini asubuhi? Mchana unakula wapi? Chumvi unaongeza mezani? Ng'onda mama yako anakutumia? (Anatumia, kila mwezi, furushi zima, na mume wangu ana wazimu na ng'onda.) Unalala ubavu upi? Ukiamka usiku unawaza nini? Baba yako alikufa na ugonjwa gani? Hapo mama mkwe akajibu yeye: alianguka ghafla shambani, upande mmoja ukapooza, hakukaa wiki. Nimeolewa miaka minne katika familia ile na sikuwahi kusikia habari hiyo kwa ukamilifu wake. Mzee akatikisa kichwa taratibu akanyamaza kidogo.

Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nalifikiria. Akamwambia mama mkwe, kwa adabu kabisa, "Dada, hebu tutazamie kahawa." Mama akaelewa, akaondoka. Akamgeukia mume wangu: "Mkeo akae au aende?"

Mume wangu akakaa kimya. Halafu akasema, "Akae."

"Haya. Chumbani kukoje?"

Jamani! Mzee wa umri wa babu yangu, ameuliza kama anauliza bei ya samaki. Hakuna kicheko, hakuna kuzungukazunguka. Na mume wangu, ambaye kwa miezi saba hakunijibu swali hilo mimi mkewe, akalijibu. Alisema mwili haumtii. Alisema amekuwa akinunua dawa ya unga ya nguvu za kiume kwa kijana mmoja Kariakoo, anaificha kwenye boksi la viatu, inamsaidia mara moja moja na kichwa kinataka kupasuka. Alisema anaona haya.

"Na unadaiwa?"

Hapo ndipo machozi yalipomtoka. Alikuwa amemdhamini rafiki yake wa kazini mkopo wa SACCOS, rafiki kaacha kazi na kutokomea. Ili kuziba pengo akakopa kwenye simu, akakopa tena kulipa ule wa kwanza. Zile saa tisa za usiku sebuleni hakuwa akichati na mwanamke yeyote. Alikuwa akisoma meseji za wadai.

Mzee akamshika mshipa wa mkono, akafumba macho kwa muda. Kisha akasema maneno ambayo hakuna mwenye bango angeyasema: "Mimi leo sikupi dawa. Kesho nendeni Bombo mkapime presha na sukari. Mkirudi, njooni na karatasi niione."

Hesabu ya joto na baridi

Nilimuuliza baadaye amejifunza wapi kuuliza vile. Akanieleza somo refu ambalo watu wa mwambao wengi wamelisikia kwa vipande tu. Tiba ya zamani ya pwani yetu inatokana kwa sehemu kubwa na elimu ya Wayunani iliyopitia kwa matabibu wa Kiislamu, akina Ibn Sina aliyefariki mwaka 1037, ikaja na majahazi ya Bahari ya Hindi na kuchanganyika na mitishamba ya huku. Mwili una damu, balghamu, safura na sauda. Vyakula vina joto au baridi. Ugonjwa ni mizani kuinama upande mmoja: kwa chakula, kwa usingizi, kwa hasira, kwa huzuni, hata kwa upepo. Tiba ni kuirudisha mizani. Ndiko yanakotoka mambo ya mzazi kutokunywa kitu baridi ndani ya siku arobaini.

Hospitali za leo hazitibu kwa hesabu hiyo, na mimi sikushauri uiamini safura yako kuliko kipimo cha damu. Ila tazama kazi inayofanywa na elimu ile. Tabibu aliyefundishwa kwamba hasira na deni vinaingia kwenye mizani hana njia ila kuuliza kuhusu hasira na deni. Daktari aliyefundishwa kusoma karatasi ya maabara, na nje kuna watu 60 wanamsubiri, anasoma karatasi. Huyu wa pili kasoma zaidi. Sina ubishi na hilo. Ila mume wangu hakupimwa presha na aliyesoma zaidi. Alitumwa kwenda kuipima na mzee wa kwenye mkeka.

Jambo la pili ni ndugu. Mwaka 1978 mwanaanthropolojia John Janzen aliandika kitabu kuhusu watu wa Kongo ya chini, akionyesha kwamba kule mgonjwa haamui peke yake aende wapi kutibiwa. Kuna kundi la ndugu wanaomzunguka, wanajadiliana, wanachanga, wanamhamisha kutoka hospitali kwenda kwa mganga na kurudi tena. Ukisoma unaona anaielezea familia yako. Uzuri wa mzee wa Moa ni kwamba aliwajua ndugu pande zote mbili: aliwahitaji ndani ili waseme baba alikufaje, na akajua dakika ya kuwatoa.

Bombo

Kesho yake tukaenda Bombo, hospitali ya rufaa ya mkoa pale Tanga mjini, juu kidogo kutazama bahari. Presha: 168 kwa 104. Wakampumzisha, wakarudia, haikushuka sana. Kiwango ambacho madaktari wanaanza kuita ugonjwa ni 140 kwa 90, kikijirudia.

Daktari alikuwa dada wa makamo yangu. Tukamweleza yote, pamoja na boksi la viatu. Akaweka kalamu chini. Alituambia mambo mawili ambayo nayaandika hapa kwa ajili ya kila mke na kila mume anayesoma ukurasa huu.

La kwanza: mwanamume kupungukiwa nguvu mara nyingine ndiyo taarifa ya mapema kwamba mishipa ya damu ina tatizo. Mishipa ya kule ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo inaanza kulalamika mapema. Anayekimbilia unga wa Kariakoo anazima king'ora na kuacha moto ukiwaka. Na unga wenyewe, sehemu nyingi duniani dawa za "asili" za nguvu za kiume zikipimwa maabara zinakutwa zimechanganywa kimyakimya na dawa ile ile ya kiwandani ya vidonge vya bluu. Mtu mwenye ugonjwa wa moyo anayetumia dawa za naitreti akimeza hiyo, presha inaweza kuporomoka ghafla akafa.

La pili: baadhi ya dawa za presha, hasa za aina za zamani, zenyewe zinaweza kuvuruga mambo ya chumbani. Mwanamume anaona haya kusema, anaziacha, hamwambii daktari wala mke. Miaka miwili baadaye anaanguka kama baba yake. "Nitakuandikia aina ambayo kwa kawaida haina shida hiyo," alimwambia mume wangu, "lakini ikikusumbua, usiache. Rudi uniambie, tutabadilisha. Mama, na wewe umsemee."

Dakika kama 15, si zaidi. Kwa hiyo msiniambie kwamba tiba ya holistiki lazima iwe na ubani na mkeka. Yule dada alikuwa na koti jeupe na kompyuta.

Tuliporudi Moa na karatasi, mzee aliisoma, akasema vidonge vinywe kama ulivyoambiwa. Ng'onda ikapigwa marufuku, mama mkwe akanuna siku nzima. Dawa ya shamba hakutoa hata moja. Alichofanya ni kumwita kaka mkubwa wa mume wangu na ami yake, wakakaa baraza jioni ile, na deni likawekwa mezani. Shamba la minazi halikuuzwa, kama alivyohofia. Wakapanga kuchangia mikopo ya simu iishe kwanza, na lile la SACCOS alipe mwenyewe kidogo kidogo kwenye mshahara. Usiku ule mume wangu alilala mpaka saa moja asubuhi.

Presha ilichukua miezi minne kutulia. Vidonge anameza mpaka leo, na daktari amesema huenda akaendelea navyo maisha. Ya chumbani yalirudi polepole, mengine tuachie wenyewe.

Waliokwishafanya kabla yetu

Kilichotupata sisi kwa bahati, Tanga iliwahi kukifanya kwa mpango. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 UKIMWI ulikuwa umeingia na hospitali hazikuwa na cha kumpa mgonjwa. Dawa za ARV hazikuwepo kwa mtu wa kawaida. Mpango wa Serikali wa kuzitoa bure ulikuja kuanza mwaka 2004. Madaktari wa mkoa wakakaa na waganga wa mitishamba, kuanzia Pangani, likazaliwa shirika la Tanga AIDS Working Group, lililoweka makao yake pale pale Bombo. Miongoni mwa waliolijenga na kuliandikia habari zake alikuwemo David Scheinman, mwanaanthropolojia wa Marekani.

Mitishamba ile haikuponya UKIMWI. Ilitumika kwa yale yanayomtesa mgonjwa: kukosa hamu ya kula, kuharisha, vidonda vya mdomoni, ngozi. Lakini kwa macho yangu kilicho kikubwa ni kwamba wahudumu walikwenda majumbani. Wakati ambapo mgonjwa wa UKIMWI alitengewa sahani na kikombe, mtu alibisha hodi, akakaa kitandani kwake, akamuuliza kala nini na nani anamfulia. Waganga nao walijifunza kutambua dalili, kumpeleka mgonjwa hospitali, kutotumia wembe mmoja kuchanja watu wawili. Uganda nao walianzisha shirika lao la namna hiyo, THETA, mwaka 1992.

Majani si kigezo

Hapa ndipo wengi wanapochanganya. Wanadhani daktari akitoa majani ni wa holistiki, akitoa kidonge si wa holistiki. Wapi! Kwinini ni gome la mti, na ilitengenezwa hapa hapa mkoani, Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, Wajerumani walipozingirwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Dawa mseto ya malaria ina asili ya jani la Kichina. Tu Youyou alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 2015. Metformin ya kisukari ina ukoo na ua la Ulaya. Mti ni mti tu.

Na mti unaweza kutolewa bila kumtazama mtu kabisa. Kumbukeni Loliondo mwaka 2011. Mchungaji mstaafu Ambilikile Masapila, Babu, pale kijiji cha Samunge, kikombe kimoja shilingi 500, foleni ya magari kilomita na kilomita. Nasema bila kumkejeli marehemu, maana alifariki mwaka 2021 na hakuwatoza watu fedha nyingi. Lakini kikombe kilikuwa kile kile kwa wote. Mwenye kisukari, mwenye saratani, mwenye virusi, mtoto, mzee. Hakuna aliyeulizwa analala vipi. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha ARV wakaamini wamepona. Sekunde za Samunge zilikuwa chache kuliko za Bangladesh.

Basi utamjuaje wa kweli? Sheria ipo. Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ni ya mwaka 2002, na kuna Baraza linalosajili watoa huduma. Una haki ya kuomba kuona cheti, na mwenye nacho hatanuna. Lakini cheti hakikuambii kama mtu anasikiliza. Mimi naangalia mambo mengine. Je, anakuuliza dawa nyingine unazotumia? Mizizi ya susu, ambayo watu wanaitafuna wakidhani ni utamu tu, inaweza kupandisha presha. Asiyeuliza hawezi kujua. Je, amewahi kusema "hili siliwezi, nenda hospitali"? Anayeponya kila kitu, kuanzia bawasiri mpaka kesi mahakamani, kimbia. Akikwambia uache vidonge vya hospitali ili dawa yake ifanye kazi, kimbia mbio zaidi. Na daktari wa hospitali naye ana mtihani wake: ukimtajia dawa ya mti, anakufokea au anauliza ni mti gani? Akikufokea, safari ijayo utamficha, na yeye atakuandikia dozi gizani.

Nawe una sehemu yako, hasa kama mko wawili. Kwenye zile dakika tano usianze na kichwa halafu lile lenyewe ukalisema mkono uko kwenye kitasa cha mlango. Anza nalo. Andikeni usiku uliotangulia, kwenye karatasi, mambo matatu. Nendeni pamoja, maana mwenzio anajua unavyokoroma na unavyokaa sebuleni saa tisa usiku, wewe hujui. Sema wazi nani katika ukoo alianguka ghafla, na kama hujui, mpigie mama simu kabla ya kwenda. Na chukueni mfuko mmoja mtie kila kitu mnachomeza nyumbani: vidonge, chai ya kusafisha damu, habasoda, vitamini za kutoka Dubai, mmimine juu ya meza ya daktari. Na ile ya unga iliyoko kwenye boksi la viatu, iingie pia kwenye mfuko.